Kombe la chuo na limfae jirani

Wahenga walinena kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Leo, ndugu msomaji, nataka tumzungumzie jirani mmoja ambaye wengi wetu humpita kila asubuhi tukienda kazini bila hata kumjulia hali. Jirani huyo ni chuo. Huenda ni chuo cha ufundi, cha ualimu au cha uuguzi. Aghalabu kina ukuta mrefu, lango lenye bawabu, na ndani kuna uwanja mpana wa nyasi unaotumika saa chache tu kwa wiki.

Wanafunzi wa chuo hicho wakishinda kombe, picha ya timu hutundikwa ofisini kwa mkuu wa chuo na kombe hufungiwa kabatini. Mtaa ulio nje ya ukuta haupati habari, na hata ukipata, haufaidiki kwa lolote. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kwa maoni yangu kama daktari, ushindi wa chuo katika michezo ni jambo jema, lakini kwa upande wa afya haujakamilika hadi watu wanaoishi karibu na chuo hicho waonje matunda yake. Ugonjwa wa Corona ulitufunza jambo hili kwa uchungu. Mfano wa kutazama uko mbali, Marekani, katika vyuo ambavyo baadhi ya wanariadha wetu wamepitia.

CHUO CHA JAMII NI NINI?

Wamarekani wana vyuo wanavyoviita vyuo vya jamii. Kikongwe miongoni mwa vile vya umma ni cha Joliet, jimboni Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Masomo yake kwa kawaida ni ya miaka miwili, na karo ni nafuu kuliko ya chuo kikuu. Mwanafunzi akimaliza anaweza kuajiriwa kama muuguzi, fundi au mzimamoto, ama akahamia chuo kikuu kuendelea na shahada. Wengi wa wanafunzi ni watu wenye kazi, na wengine tayari wana watoto wa kulea. Chuo cha namna hii huwekwa kwa ajili ya watu wa eneo hilo. Katika jimbo la Kansas, kwa mfano, sehemu ya fedha za kukiendesha hutokana na kodi ya ardhi na majumba inayolipwa na wenyeji wenyewe.

Vyuo hivi vina michezo ya kweli. Chama kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vya aina hiyo, NJCAA, kiliundwa mwaka 1938. Mashindano yake hutazamwa na makocha wa vyuo vikuu wanaotafuta vipaji, na kijana aliyekosa nafasi mara ya kwanza hupata nafasi ya pili.

Hebu tutazame chuo kimoja. Mji wa Hutchinson, Kansas, una watu karibu 40,000 na unajulikana kwa migodi yake ya chumvi. Chuo chake cha jamii kilianza mwaka 1928. Vijana wake wametwaa ubingwa wa kitaifa wa mpira wa vikapu wa vyuo hivyo mwaka 1988, 1994 na 2017. Si haba kwa mji mdogo hivyo. Lakini kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba tangu mwaka 1949 mashindano ya kitaifa ya mpira wa vikapu ya wanaume yamekuwa yakifanyika katika mji huo huo, na walioyashika mkono ni wanajeshi wastaafu wa chama cha American Legion mjini humo. Yaani mashindano ya vijana wa chuo yamelelewa na wazee wa mji kwa zaidi ya miaka 70. Chuo na mji vimeshikana kama ulimi na meno.

CORONA ILIPOINGIA

Machi 2020 kila kitu kilisimama. Hapa kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 mwezi huo, na siku mbili baadaye serikali ikaamuru shule na vyuo vifungwe. Huko Marekani nako NJCAA ilifuta mashindano yaliyokuwa yamebaki, yakiwemo yale ya vikapu ya Hutchinson. Miezi michache baadaye iliahirisha kandanda ya Kimarekani na michezo mingine mingi hadi mwaka 2021.

Madhara hayakuwa ya michezo tu. Mwishoni mwa mwaka 2020 idadi ya wanafunzi katika vyuo vya jamii vya Marekani ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 10 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Walioacha masomo hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa watu wa kipato kidogo waliopoteza kazi, waliolazimika kukaa na watoto nyumbani, au waliokuwa wakisomea kazi za mikono ambazo haziwezi kufundishwa kwa simu. Huwezi kujifunza kumdunga mgonjwa sindano kwa kutazama kioo.

Polepole vyuo vikafunguliwa. Vingi viligeuza majumba na maegesho yao ya magari kuwa mahali pa kupima Corona, pa kuchanjia na pa kugawia chakula. Wanafunzi wa uuguzi walikwenda kusaidia kuchanja. Hutchinson nako michezo ikarejea. Aprili 2021 mashindano ya vikapu yalichezwa, yakiwa yamechelewa mwezi mmoja. Tarehe 5 Juni 2021, mjini Little Rock, Arkansas, timu ya kandanda ya Kimarekani ya chuo hicho iliishinda ile ya Snow College kwa alama 29 kwa 27 na kutwaa ubingwa wa kitaifa kwa mara ya kwanza.

Msomaji atauliza: kombe linahusiana vipi na afya? Linahusiana kwa njia hii. Chuo hicho hufundisha wauguzi na wahudumu wa ambulansi, watu ambao mji uliwahitaji mno wakati wa janga. Kijana anaweza kuingia kwa lango la michezo akatoka kwa lango la hospitali. Na mji uliozoea kukutana katika ukumbi mmoja kushangilia vijana wake una urahisi wa kukutana tena panapokuwa na jambo la hatari. Watu wanaofahamiana husikizana. Sisi madaktari tuliona wakati wa Corona jinsi watu walivyokataa chanjo wakiambiwa na mgeni, kisha wakaikubali wakiambiwa na mtu wanayemjua.

BINTI WA KAPSOWAR

Kama unadhani haya ni mambo ya Wamarekani peke yao, mkumbuke Sally Kipyego. Binti huyu wa Kapsowar, Marakwet, aliondoka nchini akaingia chuo cha jamii cha South Plains, katika mji mdogo wa Levelland, Texas, mwaka 2005. Kutoka hapo alihamia chuo kikuu cha Texas Tech, ambako alishinda mataji 9 ya kitaifa ya vyuo vikuu. Akanyakua medali ya fedha ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya mwaka 2011 mjini Daegu, na nyingine ya fedha katika Olimpiki ya London mwaka 2012.

Wengi wetu tunakumbuka medali. Wachache wanajua kwamba alipokuwa akikusanya mataji hayo alikuwa pia akisomea uuguzi, na akahitimu. Baadaye alichukua uraia wa Marekani, na Februari 2020, siku chache tu kabla ya dunia kufungwa, alifuzu kuiwakilisha nchi hiyo katika marathoni ya Olimpiki. Michezo hiyo iliahirishwa kwa sababu ya Corona, naye akakimbia Agosti 2021 mjini Sapporo.

Nimemtaja kwa sababu mbili. Kwanza, mzazi anayempeleka mwanawe katika vyuo hivyo kwa ajili ya mbio ajue kwamba mbio zina mwisho, bali ujuzi wa kazi hubaki. Muulize kocha anayekuja kumchukua mtoto wako atasomea nini, nani atamtibu akiumia, na bima yake italipwa na nani. Pili, tuone kwamba chuo kidogo chenye uwanja na darasa la uuguzi kinaweza kufanya makubwa. Sisi tunavyo vyuo vya namna hiyo. Chuo chetu cha mafunzo ya matibabu, KMTC, kilianzishwa mwaka 1927, kabla hata ya hicho cha Hutchinson, na sasa kina matawi katika sehemu nyingi za nchi. Tuna vyuo vya ufundi katika kaunti zetu. Tunachokosa ni ule mkono wa kukishika chuo na mtaa pamoja.

HALI YETU MITAANI

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. La kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Presha haina kelele. Mtu huamka, hunywa chai, huenda kazini, na siku moja huanguka upande mmoja wa mwili ukiwa umepooza. Ndugu husema amerogwa, kumbe mishipa ilikuwa ikiumia kwa miaka kumi.

Kipindi cha Corona kiliongeza mzigo. Nimeona wagonjwa walioacha kuja kliniki kwa kuogopa kuambukizwa, na waliporudi dawa zilikuwa zimekwisha zamani na uzito umeongezeka. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea kwa kasi kunatosha. Hata hivyo, shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho.

Kwa mkazi wa mjini, mara nyingi tatizo si uvivu. Mwambie mama wa mtaa wowote wa Nairobi au Mombasa atembee nusu saa kila jioni, naye atakuuliza atembee wapi. Barabara nyingi hazina njia ya wapitao kwa miguu. Matatu hupanda hadi ukingoni. Uwanja wa mtaa ulinyakuliwa na sasa ni nyumba ya ghorofa. Giza likiingia, vibaka wako kazini. Kumwandikia mtu kama huyo "afanye mazoezi" ni sawa na kumwandikia dawa isiyouzwa katika duka lolote. Na ilhali hatua mia mbili kutoka mlangoni pake kuna uwanja wa chuo, umelala mtupu.

LA KUFANYA

Mambo yenyewe si ya mabilioni. Kwanza, kila chuo cha umma chenye uwanja kiwe na saa zinazojulikana za majirani: pengine saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, na Jumamosi na Jumapili jioni, wakati hakuna masomo wala mechi. Watembee kandokando ya uwanja, wasiharibu nyasi za wachezaji.

Pili, siku moja kila mwezi pawe na meza ya kupimia presha, sukari na uzito. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Wawekwe pamoja na wanafunzi wa uuguzi chini ya usimamizi wa mwalimu wao. Ila tuelewane: kipimo kimoja si ugonjwa. Mtu akipatikana na 140 juu au 90 chini, apumzike, apimwe tena, kisha aelekezwe kliniki ili hali yake ithibitishwe. Asinunue dawa kwa kuambiwa na jirani.

Tatu, timu ya chuo itoe saa moja kwa wiki kuongoza wakazi. Kijana aliyeshinda kombe la mbio za nyika akitangulia mbele na kina mama wakimfuata nyuma, mtaa mzima utamjua kwa jina. Siku atakapokwenda kushindana, atakuwa na washangiliaji. Siku mtaa utakapohitaji kuelezwa habari ya chanjo au kipindupindu, atasikizwa.

Nne, makubaliano haya yaandikwe. Chuo, kaunti, zahanati ya karibu na kamati ya wakazi waweke sahihi, ili mkuu wa chuo akihamishwa mpango usife naye. Kilichoyafanya mashindano ya Hutchinson yadumu tangu 1949 si hisani ya mtu mmoja.

TAHADHARI

Michezo isiyo na uangalizi inaweza kuua. Agosti 2018, katika chuo kingine cha jamii huko huko Kansas, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya mazoezi ya siku ya kwanza kwa kuzidiwa na joto. Mtu akizidiwa hivyo huchanganyikiwa, huyumba, na mwili huwaka kama moto. Kanuni ni moja: mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Mtumbukize katika maji baridi yenye barafu huku kichwa kikiwa juu ya maji. Kama hakuna barafu, mmwagie maji baridi mfululizo na kumpepea huku mkisubiri ambulansi. Kila dakika ni uhai. Kwa hiyo chuo kinachojisifu kwa makombe na hakina maji ya baridi, kivuli, wala mtu anayejua kumkandamiza mgonjwa kifua moyo unaposimama, bado hakijastahili sifa.

Hali kadhalika, aliyeugua Corona au homa kali asirudi uwanjani kwa pupa. Aanze kidogo kidogo. Akihisi maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kukosa pumzi kupita kiasi au kutaka kuzirai, aache mazoezi mara moja na amwone daktari, kwani misuli ya moyo huenda imevimba. Na wewe uliyevuka miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, pimwa presha na sukari kwanza.

WATAKAOPINGA

Najua wakuu wa vyuo watasema: mkifungua lango wezi wataingia, vifaa vitaharibiwa, na atakayeteguka mguu atatushtaki. Hofu hizo si za kupuuzwa. Lakini kitambulisho huonyeshwa langoni, njia huwekewa kamba, mabweni na karakana hufungwa, na atakayeingia hutia sahihi kwamba anajua masharti. Wakazi nao wana wajibu. Atakayetupa takataka au kumsumbua mwanafunzi wa kike afukuzwe na wakazi wenzake kabla bawabu hajafika. Tena uwanja unaotumiwa na watu wengi wenye majina huwa na macho mengi ya kuulinda. Mnyakuzi wa ardhi hukiogopa kiwanja chenye wenyewe.

Kuhusu gharama, hebu pigeni hesabu. Mwalimu mmoja aliyepata kiharusi hulazwa kwa majuma, hupoteza kazi, na familia yake huuza shamba. Bei ya bawabu wa zamu ya asubuhi haiwezi kulinganishwa na hasara hiyo.

Ndugu msomaji, usiingoje serikali ikuletee jambo hili mlangoni. Juma hili waone majirani wako watano. Andikeni barua fupi kwa mkuu wa chuo kilicho karibu nanyi, nakala moja ipelekwe kwa ofisi ya afya ya kaunti. Ombeni saa moja tu asubuhi kwa muda wa miezi mitatu, na mtaje majina ya watakaosimamia usafi na usalama. Wakati mnangoja jibu, nendeni mkashangilie timu ya chuo hicho inapocheza, ili siku mtakapofika langoni msihesabiwe kuwa wageni.